Kitufe cha Kukausha Kioo

Coralee Beaudry, mtahini wa madereva, alifungua mlango wa abiria, akaingiza kichwa ndani ya gari, akakitoa tena.

"Bi Irja, humu mimi siingii."

"Kuna nini?"

"Niambie wewe. Ile nguzo pale mbele unaiona?"

Irja Kallio aliutazama upande ambao alijua nguzo ipo, maana aliiona alipokuwa anaegesha. Sasa kioo cha mbele kilikuwa kimejaa ukungu, cheupe kama maziwa ya mgando. Alikuwa na miaka sitini na sita, mkanda amefunga, kiti amekivuta mbele mpaka magoti yanakaribia kugusa dashibodi, na siku hiyo ndiyo aliyopangiwa kufanya mtihani wa udereva kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Subiri kidogo tu," alisema. Akabonyeza kitufe cha kukausha kioo. Kitufe kilizama, taa yake isiwake. Akakibonyeza tena. Akakipiga kwa pembe ya kiganja, kama alivyozoea kukifanya tangu baridi ianze, na siku zote kilikuwa kinajivuta kisha kinatii. Leo kilinyamaza kabisa. Hewa ya moto iliendelea kumchoma miguuni kwa bidii zote, na juu huko kioo kikabaki kipofu.

Alitoa leso akaanza kufuta. Alipofuta upande huu, upande ule ukajaa. Kwenye benchi nje ya ofisi walikuwa wameketi wanafunzi watatu wa sekondari wakingoja zamu zao, na wote walikuwa wameacha simu zao ili wamtazame yeye. Msichana mmoja alisema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Jamani, bibi wa watu," na mwenzake akaficha mdomo ndani ya skafu.

Jirani yake Lorna Tolonen, aliyekaa kiti cha nyuma kama msindikizaji, aliinama mbele. "Coralee, wewe si unamjua huyu? Anaendesha vizuri kuliko wewe."

"Namjua, na simkatalii yeye. Nalikatalia gari." Coralee alijikunyata ndani ya koti lake la rangi ya chungwa. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amewapigia honi za salamu wote wawili asubuhi nyingi barabarani. "Mwezi wa kumi na moja huu. Gari lisilokausha kioo sitoki nalo hata kama dereva ni mama yangu. Kesho saa nane mchana kuna kijana ameahirisha, hiyo nafasi nakuwekea. Baada ya hapo nafunga ofisi."

"Unafunga mpaka lini?"

"Bi Irja! Keshokutwa ni siku ya kulungu, uwindaji unafunguliwa. Alfajiri hiyo nitakuwa juu ya mti na bunduki yangu. Nikirudi kutoka kambini theluji itakuwa kiunoni, na mitihani ya barabarani tutaongea theluji ikiyeyuka."

Walirudi nyumbani Lorna akiwa kwenye usukani, madirisha yote manne yamefunguliwa ili ukungu utoke, wanawake wawili wazima wamevaa kofia za sufu na kutetemeka meno kana kwamba wamepanda mashua. Walipopita kiwanda cha mbao Irja aligeuka.

"Jumapili unaondoka," alisema.

"Jumapili naondoka. Mwanangu ameshanitandikia kitanda Arizona." Lorna alimtazama kwa jicho la pembeni. "Ningekuachia gari langu, Irja, Mungu anaona. Lakini lile la gia za mkono..."

"Lilinizimikia uani kwako mpaka mbwa akachoka kubweka."

Wakacheka, meno yakigongana. Lakini Irja alipotazama nje, msitu wa misonobari ulikuwa unapita upesi, na alihisi kama kuna mtu anauvuta utoke mikononi mwake.

* * *

Reino alikuwa amekaa jikoni karibu na redio. Aliposikia mlango aligeuza uso kidogo pembeni, kama afanyavyo siku hizi akitaka kumwona mtu. Macho yake yalikuwa yameliwa katikati; chochote alichokitazama moja kwa moja kilifunikwa na doa la kijivu, na kilichobaki kilikuwa pembeni tu. Kila mwezi alichomwa sindano za macho huko Marquette, mwendo wa nusu ya asubuhi, ili hicho kilichobaki kisiliwe nacho. Miaka mitatu Lorna ndiye aliyempeleka. Sindano iliyofuata ilikuwa Ijumaa.

"Mbona hukuimba ulipoingia?" aliuliza. "Umefeli?"

"Sijafeli. Sikufanya."

Akamweleza. Reino alisikiliza, vidole vyake vikizungusha kikombe cha kahawa. Hakuuliza habari za Darrell, kwa kuwa hakukuwa na haja. Mtoto wao wa pekee, aliyeishi Green Bay, alikuwa amewekeana ahadi na mama yake mezani hapo hapo: mama akipata leseni kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, Darrell hatasema neno tena. Asipopata, nyumba inauzwa, wazee wanahamia kwake, kwenye chumba cha chini ambacho alikwisha kukipaka rangi. Darrell hakuwa mtoto mbaya hata kidogo. Hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupingwa.

Irja alishika simu. Fundi wao wa siku zote alikuwa ameacha ujumbe kwenye mashine: yuko kambini, atarudi akipata dume lenye pembe au chakula kikimwishia. Akapiga gereji ya mji wa pili. Huko kijana mmoja alipokea, akasikiliza, akapiga mluzi.

"Hicho kitufe hakiuzwi peke yake, mama. Inabadilishwa paneli nzima. Tuagize, ije, tufunge. Baada ya msimu wa kulungu." Akataja bei. Irja alivuta kiti akakaa.

"Na kama mtu akitaka kukitengeneza tu? Kukifungua aone kimepatwa na nini?"

Kijana alicheka, si kwa ubaya. "Kwani hapo nyumbani hakuna mwanamume?"

"Yupo," alisema Irja, akakata simu.

Redio ilikuwa inasoma bei za viazi.

"Alisema nini?" Reino aliuliza.

"Alisema tusubiri."

"Umekuwa mwongo tangu lini? Sauti yake ilifika mpaka huku. Ameuliza kama kuna mwanamume." Reino aliinuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye droo ya vitu vya ovyo, akaifungua kwa kishindo. "Niletee taa ya kichwani, ile ya kuvulia samaki. Na bisibisi zote."

"Reino, wewe ulikuwa unasambaza barua. Hujawahi kufungua hata redio."

"Na wewe ulikuwa unapikia watoto wa shule, na leo unataka kuendesha gari kwenye barafu. Nani mwendawazimu zaidi?" Alikuwa ameanza kutabasamu, na Irja, aliyekuwa amejiandaa kulia, alijikuta hawezi tena. "Mimi nina vidole, wewe una macho. Tukichanganya tunapata mtu mmoja mzima. Twende."

* * *

Bandani kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Irja alivaa taa kichwani, akamwelekezea mumewe mikono. Fremu ya plastiki iliyozunguka vitufe ilikuwa imeshikwa kwa meno madogo yasiyoonekana. Irja alichukua kisu cha siagi, akakizungushia tambara ili kisikwaruze, na Reino akakitelezesha ndani ya ufa polepole, kichwa amekigeuzia mbali kabisa, anatazama mlango wa banda huku mikono ikifanya kazi yake.

"Hapa pana jino," alisema. "Na hapa. Legea kidogo, mrembo, legea... "

*Tak!* Fremu ikatoka nzima. Irja akapiga kelele kama msichana.

"Nimevunja?"

"Hujavunja! Naona parafujo, Reino! Moja huku juu kushoto, nyingine chini yake. Kushoto kwako, siyo kwangu!"

"Kushoto kwangu ndiyo kwako, tumekaa upande mmoja!"

Walizifungua zote, na kila moja Irja aliitia kwenye kopo la kuokea mkate, ili isipotee. Ya mwisho ilimponyoka Reino, ikatumbukia mahali gizani chini ya dashibodi, na wote wawili wakasikiliza sauti yake ikishuka, ting, ting, kisha kimya. Reino alitukana kwa lugha ya marehemu baba yake. Irja alilala sakafuni mwa gari, miguu imetokeza nje kwenye baridi, mwanamke wa miaka sitini na sita, na akaipata chini ya zulia pamoja na peremende ya zamani na senti mbili.

Walichomoa plagi za nyaya, Irja akizichorea kila moja alama kwa rangi ya kucha ili zirudi zilikotoka, na paneli ikaingia jikoni ikiwa imebebwa kwa mikono miwili kama mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati.

Juu ya meza, chini ya taa, ilifunguka kirahisi. Nyuma ya vitufe kulikuwa na karatasi moja ya mpira wa kijivu yenye vivimbe, kila kitufe na kivimbe chake, na chini ya mpira kadi ya saketi yenye mistari ya rangi ya dhahabu. Irja aliinua mpira ule, akaugeuza chali. Akakaa ameutazama.

"Umeona nini? Sema, mwanamke, usinitese."

"Nyamaza kwanza." Aliusogeza karibu na taa. Ndani ya kila kivimbe kulikuwa na kidonge kidogo cheusi, bapa, kama mbegu ya papai iliyobanwa. Ndani ya kivimbe cha kukausha kioo hakukuwa na kitu. Kidonge kilikuwa kimekwanguka na kuliwa mpaka likabaki doa la kijivu. "Reino. Hiki kitu nimeshawahi kukiona."

"Wapi?"

"Ulipomwagia sharubati ya matunda kwenye rimoti ya televisheni. Niliifungua nikaiosha. Ndani yake ni hivi hivi. Mpira hivi hivi, na vidonge vyeusi hivi hivi!" Alikuwa ameshasimama. "Hicho cheusi ndicho kinachogusa hii mistari, taa inawaka. Huku kimeisha. Ukibonyeza, mpira mtupu unagusa mistari, hakuna kinachotokea. Siyo gari bovu, Reino! Ni kidonge tu!"

Reino alinyoosha mkono, akauweka ule mpira kwenye ncha ya kidole, akapapasa kivimbe kimoja, cha pili, cha tatu. Uso wake ukafunguka. "Hiki kina kitu. Hiki kina kitu. Hiki hakina."

"Basi!"

"Basi leta rimoti."

Waliifungua. Hapo ulizuka ugomvi mkubwa kuliko wote wa siku hiyo, kwa sababu kidonge kilipaswa kutolewa kwenye kitufe kimoja, na Reino, ambaye alisikiliza mpira wa magongo wa barafuni kila Jumamosi, hakutaka kupoteza hata kimoja.

"Toa cha namba tisa," alisema Irja.

"Idhaa ya hali ya hewa ina tisa."

"Toa cha kupunguza sauti. Wewe huwa hupunguzi."

"Na wewe ndiye huwa unanipunguzia! Toa cha kunyamazisha. Mimi nikitaka televisheni inyamaze naizima."

Kikatolewa cha kunyamazisha. Irja alikikata kwa wembe, akasafisha saketi kwa pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti, kisha akatia tone la gundi ndani ya kivimbe kitupu, dogo kama jicho la sindano. Kukiweka kidonge penyewe ndiko kulikomshinda. Kibanio kilimtupia kidonge mara mbili mezani. Reino alikichukua kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, akautafuta mzingo wa kivimbe kwa ukucha wa mkono wa pili, akakishusha.

"Kiko katikati?"

"Katikati kabisa."

"Usinidanganye."

"Haki ya Mungu—" na akacheka, kwa kuwa hakujua aape kwa nini zaidi. "Katikati, mzee wangu. Kama umekiona."

Gundi ilihitaji kuachwa mpaka kesho ikauke. Wakafunika mpira ule kwa bakuli, wakala pai ya nyama na viazi iliyobaki, na wala hawakuwasha televisheni.

* * *

Darrell alifika asubuhi, siku mbili kabla ya siku aliyotarajiwa, pikapu imejaa makatoni matupu. Alipitia bandani kwanza. Alipoingia jikoni uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, kuna mtu amevunja gari lenu. Kuna shimo kwenye dashibodi, nyaya zinaning'inia."

"Hakuna aliyevunja. Ni sisi," alisema Irja. "Kaa ule mkate wa iliki."

Darrell alitazama meza: kadi ya saketi, parafujo ndani ya kopo, rimoti iliyochanwa tumbo, baba yake ameshika mpira wa kijivu na kuupapasa kwa kidole kimoja. Alivuta pumzi ndefu. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

"Baba. Weka chini. Utajikata."

Reino hakuweka chini. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu.

"Nimekwambia mara ngapi, mama? Hii ndiyo hali ninayoiogopa. Mko peke yenu, jirani anaondoka, gari bovu, fundi hakuna, mnakaa mnacheza na umeme kwa visu vya siagi. Mwaka jana baba alianguka kwenye ngazi ile, mlinipigia simu baada ya siku mbili. Mnafikiri mimi nalala usingizi kule?" Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mvi masikioni. "Nimeleta makatoni. Tuanze na sebule. Polepole tu."

Irja alikuwa amesikia mambo hayo mengi na siku zote aliyajibu kwa hasira. Safari hii aliona mikono ya mwanawe inavyoshikilia kofia, akajua kwamba ana hofu kama aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo, ngurumo zikipiga ziwani.

"Mtihani ni saa nane," alisema. "Makatoni yangoje mpaka saa tisa."

"Basi chukua pikapu yangu ukafanyie mtihani. Iko sawa, kioo kinakauka."

Hilo hawakulitarajia. Reino aligeuza uso. Irja alifikiri, kwa kweli alifikiri, maana njia ilikuwa nyepesi.

"Ahsante, mwanangu. Lakini pikapu utarudi nayo Green Bay. Kesho nampeleka baba yako kwenye sindano kwa gari gani? Kama hili halinioneshi njia, leseni itanisaidia nini, niitundike ukutani?" Akaondoa bakuli, akagusa kidonge kwa ncha ya kucha. Hakikutikisika. "Kimekauka. Vaa koti, utushikie tochi."

Bandani Darrell alishika tochi. Mpira ukarudi juu ya kadi, kadi ndani ya paneli, plagi kila moja kwenye rangi yake. Irja alikaa kwenye usukani. Reino alijibanza kiti cha pili, mkono juu ya dashibodi. Ufunguo ukazungushwa, injini ikakohoa, ikashika.

"Bonyeza," alisema Reino.

"Naogopa."

"Bonyeza, Irja!"

Alibonyeza. Taa ndogo ya kahawia iliwaka chini ya kidole chake. Ndani kabisa ya dashibodi kitu kiligeuka, kama mlango wa chumba cha mbali, miguu ikapoa, na pumzi ikaanza kupanda kutoka kwenye tundu refu lililo chini ya kioo. Reino alikuwa ameshatia viganja vyake hapo juu.

"Inakuja!" alipiga kelele. "Inakuja, ya moto! Irja, inakuja!"

Irja alikuwa anampiga mumewe begani kwa ngumi, analia na kucheka. Kwenye kioo ukungu ulianza kuachia kutoka chini, madirisha mawili madogo kwanza, kisha yakaungana, na kupitia hapo akamwona Darrell amesimama mbele ya gari na tochi yake mchana kweupe, mdomo wazi.

* * *

Saa nane Coralee Beaudry aliingiza kichwa tena. Bila kuomba ruhusa alinyoosha kidole akabonyeza kitufe mwenyewe. Taa ikawaka. Akakizima, akakiwasha, akasubiri, akapuliza pumzi yake kwenye kioo kama anayejaribu dhahabu, akaangalia ikiyeyuka.

"Nani amekutengenezea? Mafundi wote wako porini."

"Mimi na Reino."

"Reino yupi?"

"Kwani mimi nina wangapi?"

Coralee alikaa, akafunga mkanda. Mjini kulikuwa na vurugu ya siku moja kabla ya msimu. Kila duka limejaa wawindaji wenye makoti ya rangi ya chungwa, kila pikapu ina trela, na hakuna aliyekumbuka kuwasha kiashirio. Theluji ilianza kudondoka walipofika kwenye taa ya kwanza, nene, ya kunata. Irja alitarajia kuogopa. Badala yake kitu kilimpanda kifuani, kile kile cha kiangazi kilichopita, Lorna alipomwachia usukani kwenye njia ya changarawe na akacheka mpaka Lorna akadhani analia. Miaka yote alikuwa amekaa upande wa kushika chupa ya kahawa na ramani. Sasa mji mzima ulikuwa unamjia kupitia kioo kikavu, naye ndiye aliyekuwa anauchagulia upande wa kupita.

Alirudi nyuma kati ya trela mbili. Alisimama kwenye mlima na akaondoka bila gari kurudi hata kidogo. Mwindaji mmoja alimkatia njia; Irja akafunga breki, akampigia honi ndefu.

"Hiyo honi haikuwa ya lazima," alisema Coralee.

"Ilikuwa ya lazima kwangu."

Coralee alitazama nje ya dirisha muda mrefu. Irja aliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Waliporudi ofisini alitoa karatasi, akaitia sahihi juu ya goti, akampa.

"Umenitoza alama kwa ajili ya honi?"

"Moja," alisema Coralee. "Sasa shuka ukawaambie. Kijana wako anatembea huku na huku kwenye theluji kama anayengoja mke ajifungue."

* * *

Ijumaa asubuhi waliondoka kungali kijivu. Darrell alikuwa amesema atawafuata nyuma mpaka hospitalini, mpaka mlangoni, kwa tahadhari tu, kisha ndipo arudi kwake. Irja hakubishana. Kutoka misituni milio ya bunduki ilisikika, mmoja huku, mmoja kule. Barabara ilikuwa na theluji ya kusagika pembeni, na taa za pikapu zilikaa kwenye kioo chake cha nyuma muda wote, umbali ule ule, kama macho ya mtu asiyelala.

"Bado yupo?" Reino aliuliza.

"Yupo."

Mbele palikuwa na njia panda. Kushoto ni Marquette. Kulia ni njia ya kusini, ya Green Bay. Irja aliwasha kiashirio cha kushoto, akapunguza mwendo, akaingia. Alipotazama nyuma aliona pikapu imesimama pale kwenye makutano. Ilikaa pale, wipa zinakwenda, wala haikugeuka kokote. Kisha kiashirio cha kulia kikaanza kuwaka, honi ikalia mara moja, fupi, na ile pikapu yenye makatoni matupu ikageuka na kushuka kusini mpaka theluji ikaifunika.

"Mbona kimya?" alisema Reino. "Yupo?"

"Amekwenda kwake."

Reino alipapasa mpaka akapata goti la mkewe, akauacha mkono hapo.

Baada ya kilima walilikuta lori la magogo, refu, linakwenda kwa kujikokota na kumwaga matope ya theluji nyuma yake. Matope yalipiga kioo, wipa zikayafuta, yakapiga tena. Irja alikuwa amekaa nyuma ya malori kama hayo safari zote za maisha yake, akisubiri uamuzi wa mtu mwingine. Upande wa kushoto mstari wa kati ulikatika vipande vipande, na barabara mbele ikanyooka, tupu, mpaka mwisho wa macho.

"Kuna lori," alisema Reino. "Nalisikia. Utafanyaje?"

"Kaza mkanda," alisema Irja, akawasha kiashirio, akakanyaga mafuta.

Magurudumu makubwa yalipita dirishani kwa Reino moja baada ya jingine, yakinguruma, magogo yananuka utomvu mpaka ndani ya gari, kisha ghafla kelele ikabaki nyuma na mbele hapakuwa na kitu ila nyeupe na mwanga. Na Reino, ambaye hakuwa ameona hata gogo moja, ndiye aliyeshangilia.